Medali ya guka ndani ya kopo la vifungo: Soma ukingo kabla hujaiuza

Tuseme umetoka Nakuru, ukapita Njoro, na sasa uko Elburgon kwa wikendi moja ya ile baridi inayofanya hata mabarobaro wa soko la waru wavae marvin mbili. Shosho anakutuma chumbani umletee uzi na sindano. Unafungua kopo la zamani la biskuti na chini ya vifungo unapata kitu cha duara, kizito, kilichopoteza rangi. Upande mmoja kuna kichwa cha mfalme. Unapiga picha, unaiweka status, na kabla chai haijaiva mtu ameshakuandikia: "Hiyo unauza?"

Usijibu kwanza.

Anayekuuliza huenda anajua jambo ambalo wewe hujui. Medali za askari Waafrika waliopigania Uingereza zina soko. Huuzwa kwenye minada ya mitandaoni, na iliyo na jina la askari huwa na bei kuliko isiyo na jina. Kwa hivyo kile ambacho kwenu kilikuwa chuma cha kuchezea watoto, kwa mnunuzi aliye ng'ambo ni jina la babu yako. Yeye atalisoma. Swali ni kama wewe umelisoma.

Suala hili limekuwa moto tena miaka hii, na kwa sababu ya msingi. Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, CWGC, ilitoa ripoti kuhusu jinsi ilivyowakumbuka waliokufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na pengine hadi 350,000, hawakukumbukwa kwa majina, au hawakukumbukwa kabisa. Wengi wao walikuwa Waafrika na watu wa Mashariki ya Kati. Waziri wa Ulinzi wa Uingereza wakati huo, Ben Wallace, aliomba msamaha bungeni.

Halafu Novemba 2023 Mfalme Charles alikuja Kenya, akafika makaburi ya Kariokor jijini Nairobi, na kuwakabidhi wazee waliopigana Vita vya Pili medali mpya badala ya zile walizopoteza. Baadhi ya wazee wa kizazi hicho hawakuzipoteza kwa uzembe. Walizitupa wenyewe, kwa sababu wakati wa Mau Mau kupatikana na medali ya Mfalme wa Uingereza kungeweza kukugharimu maisha.

Hivi karibuni pia faili za kijeshi za enzi ya ukoloni, ambazo zilikuwa zimehifadhiwa na jeshi hapa Kenya, zimeanza kutoa maelfu ya majina ya wapagazi na askari wa Vita vya Kwanza. Majina ambayo watu walidhani yamepotea yalikuwa humu humu nchini.

Hapo ndipo kijana wa Elburgon anapoingia. Orodha zinafunguliwa, lakini orodha haijui kwamba "Kamau s/o Njoroge" ndiye baba ya shosho wako. Anayejua ni shosho. Na shosho hana miaka mingine 40 ya kutusubiri.

KEYA, PANYAKO AU KARIAKOO?

Kosa la kwanza ambalo wengi hufanya ni kukimbilia Google. Anzia jikoni. Wazee wana maneno yao kuhusu vita hivi, na kila neno ni kama namba ya faili.

Akisema alienda "Keya", hiyo ni KAR, jeshi la askari wa miguu lililoundwa mwaka 1902 na ambalo Kenya, Uganda na nchi jirani zilirithi vikosi vyake wakati wa uhuru. Akisema "Panyako", hao ni kikosi cha kazi cha Vita vya Pili: waliochimba mahandaki, kujenga barabara na kupakua meli. Akisema "Kariakoo", hapo umerudi hadi Vita vya Kwanza, kwa wapagazi waliobeba risasi na chakula cha jeshi vichwani. Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam zote zilipata jina kutokana na kikosi hicho.

Sikiliza pia adui ni nani kwenye hadithi. "Vita vya Mjerumani" vinaweza kuwa vya 1914 hadi 1918, wakati Waingereza walipomfukuza jenerali wa Kijerumani, Lettow-Vorbeck, kutoka mpaka wa Taveta hadi Msumbiji, na akajisalimisha Abercorn, Zambia ya leo, Novemba 25, 1918. "Mtaliano" ni Somalia na Ethiopia, 1940 na 1941. "Mjapani" ni Burma, ambako kitengo cha 11 cha Afrika Mashariki kilipita Bonde la Kabaw kwenye matope na malaria mwaka 1944, kisha kikavuka Mto Chindwin mwezi Desemba.

Usiulize, "Shosho, guka alijiunga na jeshi mwaka gani?" Atasema hajui, na hajui kweli. Uliza alitahiriwa na rika gani, mtoto yupi alizaliwa akiwa hayupo, alirudi kabla au baada ya mama fulani kuolewa. Kwa Wakikuyu, rika ni kalenda. Ukiambiwa guka alikuwa wa "Forty", yaani waliotahiriwa 1940, umeshapata umri wake wakati wa Vita vya Pili bila cheti cha kuzaliwa. Jamii za Wakalenjin nazo zina marika yao, na mzee wa huko atakupangia miaka vizuri kuliko fomu yoyote. Rekodi kwenye simu, kwa ruhusa yake, na muachie azungumze lugha yake.

MEDALI INASEMA NINI

Sasa irudie ile medali. Usiisugue kwa steelwool. Unaweza kufuta kile unachotafuta.

Angalia kichwa kwanza. Mfalme George wa Tano ni Vita vya Kwanza. George wa Sita ni Vita vya Pili. Malkia Elizabeth ni baada ya 1952, na hilo nitalirudia, kwa sababu ni zito.

Kisha geuza. Mtu aliye uchi juu ya farasi ni medali ya Uingereza ya Vita vya Kwanza. Simba aliyesimama juu ya joka lenye vichwa viwili ni ya Vita vya Pili. Nyota ya ncha sita imeandikwa katikati mahali palipopiganwa: Afrika, Burma na kwingineko. Ikiwa utepe haujaoza, Nyota ya Burma ina bluu iliyokolea, mstari mwekundu katikati na rangi ya machungwa pande zote mbili.

Mwisho, washa tochi ya simu na usome ukingo, ule unene wa pembeni. Medali za Vita vya Kwanza ziliandikwa hapo namba ya askari, cheo, jina na kikosi. Hiyo namba ni dhahabu. Majina yaliandikwa na makarani kwa jinsi walivyoyasikia, kwa hivyo Kipkemoi anaweza kugeuka kitu ambacho hata mamake asingekitambua. Namba ndiyo itakayokusaidia kuwatenganisha Kamau 20.

Kwa Vita vya Pili kuna pigo: Uingereza ilitoa nyota na medali zake nyingi bila jina. Nyota ya Burma inaweza kukuambia kwamba mtu alienda Burma, lakini haikuambii ni nani. Ikitoka kwenye kopo la shosho bado ina mwenyewe, kwa sababu shosho yupo. Ikitoka mikononi mwa dalali haina mtu tena. Ndiyo maana nasema maelezo ya familia yana thamani kuliko chuma chenyewe. Yaandike, uyaweke pamoja nayo.

KWA NINI UTAMTAFUTA NAKURU NA UMKOSE

Hapa ndipo Elburgon ina mkosi wake. Kabla ya uhuru, eneo hili lilikuwa katika ardhi ambayo serikali ya kikoloni iliwatengea wazungu. Waafrika wengi waliokuwa hapa walikuwa maskwota: wafanyakazi waliolima kipande cha shamba la mzungu kwa masharti ya kumfanyia kazi siku kadhaa kwa mwaka. Kwa sheria ya wakati huo, Elburgon haikuwa kwao, hata kama walizaliwa hapo.

Wanaume walikuwa na kipande. Sheria ya kipande ilipitishwa 1915 na ikaanza kutekelezwa baada ya Vita vya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alibeba shingoni kijisanduku cha chuma chenye karatasi ya alama za vidole, jina, kabila, wilaya yake na waajiri wake. Wilaya iliyoandikwa ilikuwa ya "reserve" alikotoka babake: Kiambu, Nyeri, au Fort Hall, ambayo leo ni Murang'a. Kwa hivyo guka aliyepasua mbao Elburgon anaweza kuwa kwenye karatasi kama mtu wa Fort Hall chini ya chifu ambaye hakuwahi kumwona. Ukitafuta "Nakuru" pekee utakufa moyo bure. Tafuta kule ambako karani alidhani ndiko kwao.

Halafu kuna karatasi zilizoungua. Wakati wa Hali ya Hatari, maelfu ya Wakikuyu walisombwa kutoka Bonde la Ufa na kurudishwa kwa nguvu kwenye "reserve", na mali iliachwa nyuma. Mwaka 1992, na tena baada ya uchaguzi wa Desemba 2007, nyumba ziliteketezwa eneo la Molo na Elburgon. Mtu anayekimbia usiku hubeba mtoto, hatafuti cheti cha kuachishwa jeshi. Ikiwa kwenu hakuna karatasi hata moja, si kwamba familia yenu haikujali. Wengine walipoteza karatasi hizo zaidi ya mara moja.

WAPI PA KWENDA

Kama guka hakurudi, anza na tovuti ya CWGC. Kutafuta ni bure. Inahusu waliokufa kati ya Agosti 1914 na Agosti 1921, na kati ya Septemba 1939 na Desemba 1947. Jaribu tahajia tofauti. Kuna familia ambazo ziliambiwa tu "alipotelea baharini." Hilo si neno la kupuuzwa. Februari 12, 1944 meli Khedive Ismail, iliyokuwa imetoka Mombasa kuelekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Japani, na karibu watu 1,300 wakafa. Miongoni mwao walikuwa wapiga mizinga wa Afrika Mashariki, na ukumbusho wa Afrika Mashariki uko kwenye makaburi ya vita ya Barabara ya Ngong, Nairobi. Karibu zaidi na nyumbani, kuna makaburi ya vita Gilgil na pia Nakuru. Nauli ya matatu tu.

Kama alirudi, hutampata huko. Jaribu Hifadhi ya Kitaifa ya Nyaraka, lile jengo la Moi Avenue, Nairobi, ambalo watu hupeana miadi nje bila kuingia. Ina pia kituo Nakuru. Humo kuna ripoti za wilaya na barua za maafisa wa kikoloni, na utahitaji subira. Wizara ya Ulinzi unaweza kuiandikia barua ukiwa na namba ya askari, jina, kikosi, na uthibitisho kwamba wewe ni jamaa. Chama cha wanajeshi wastaafu, ambacho vijana wengi wanakijua tu kama klabu ya KAFOCA, kina wazee wanaojua nani wa kuuliza.

Hifadhi ya taifa ya Uingereza, iliyo Kew, London, ina shajara za vikosi. Zitakuambia kikosi kililala wapi na nani alishambuliwa siku gani, lakini kwa kawaida zinataja maafisa wazungu kwa majina na Waafrika kwa idadi. Isipokuwa aliyepata nishani ya ushujaa: huyo anaweza kuwa kwenye London Gazette, gazeti rasmi la serikali, ambalo unaweza kulisoma bure kwenye intaneti.

Na akija mtu kijijini akisema anaandikisha familia za Keya ili zilipwe fidia na Uingereza, lakini kwanza mlipe ada ya fomu, shikeni pesa zenu. Muombeni karatasi za ofisi iliyomtuma. Kumtafuta mtu kwenye orodha za CWGC hakulipiwi.

DENI LENYEWE

Sasa tuseme umepata jina. Then what? Wengine watasema haya ni mambo ya zamani, na kijana wa leo anatafuta kazi, hatafuti medali. Naelewa. Lakini ukifuatilia karatasi hizi utaona zinaeleza vizuri kwa nini familia moja ina shamba na nyingine ina medali.

Baada ya Vita vya Kwanza, mwaka 1919, serikali ya kikoloni iliwagawia wanajeshi wa zamani mashamba, mengine kwa bahati nasibu iliyochezwa Nairobi. Waliofaa kushiriki walikuwa wazungu. Mpagazi aliyebeba mizigo ya jeshi hilo hilo hakuwa na tiketi. Uingereza iliandikisha karibu wapagazi milioni moja kwenye kampeni ya Afrika Mashariki, na makadirio rasmi ni kwamba zaidi ya 90,000 walikufa, wengi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Baada ya Vita vya Pili mpango wa kuwapa wazungu mashamba ukarudiwa.

Pesa nazo zilifuata rangi. Uchunguzi wa Al Jazeera wa mwaka 2019 ulionyesha kwamba malipo ya kuachishwa jeshi yalipangwa kwa rangi ya ngozi. Mwafrika wa cheo cha chini alipewa takriban theluthi moja ya alichopewa mzungu wa cheo hicho hicho. Karibu Wakenya 100,000 walitumika katika vita hivyo. Fikiria mwanamume mmoja anayerudi Elburgon na nyota ya Burma kifuani, anakuta bado ni skwota, bado ana kipande, na masharti ya kufuga ng'ombe kwenye shamba la mzungu yamekazwa. Sishangai kwamba Waruhiu Itote, aliyepigana Burma akiwa Keya, ndiye aliyekuja kuwa Jenerali China wa Mau Mau.

UKIKUTA KICHWA CHA MALKIA

Nilisema nitarudi hapa. Ukikuta medali yenye Malkia Elizabeth, nyuma kuna mwanamke amesimama na simba, na juu kuna kipande cha chuma kilichoandikwa KENYA, hiyo haikutolewa kwa kupigana na Mjerumani wala Mjapani. Ilitolewa kwa waliotumikia upande wa serikali dhidi ya Mau Mau, kati ya Oktoba 1952 na Novemba 1956: Keya, polisi, na wale tuliowaita homeguard.

Elburgon ni mji mdogo. Kwenye boma moja mtu anaweza kuwa na guka wawili, mmoja aliyefungwa kambini na mwingine aliyepata medali hiyo. Sasa wewe umeipata, na shosho amenyamaza ghafla.

Usiipeleke TikTok jioni hiyo. Ukimya wa shosho una sababu, na walio hai ndio watakaoishi na majirani baada ya wewe kurudi Nairobi. Lakini pia usiitupe mtoni. Wapo walioingia kwa hiari, wapo walioingia kwa hofu, na wapo waliotafuta mshahara tu. Karatasi inaweza kukuambia ni lini na wapi. Kwa nini aliingia, pengine shosho atakuambia siku nyingine mkiwa wawili. Mchukulie muda.

JINA UKUTANI

Pale Kenyatta Avenue, Nairobi, kuna sanamu ya askari watatu. Umepita hapo mara ngapi? Maandishi yake, yakiwemo ya Kiswahili, yanaahidi kwamba wana wa waliokufa watakumbuka majina yao. Tafuta majina hayo kwenye sanamu. Hakuna hata moja. Wakoloni waliamua kwamba Waafrika watakumbukwa kwa jumla, huku wazungu wakipewa kila mmoja jiwe lake. Serikali hiyo hiyo iliweza kuandika jina na alama za vidole za kila mwanamume ili imfuate kazini.

Inawezekana kufanya tofauti. Januari 2025 mjini Cape Town ulizinduliwa ukumbusho wa wafanyakazi weusi wa Afrika Kusini waliokufa Vita vya Kwanza, na zaidi ya majina 1,700 yamechongwa kwenye nguzo za mbao, kila mtu na nguzo yake. Watu walitafuta kwenye faili, jina kwa jina, kisha wakatafuta jamaa.

Kazi ya aina hiyo ikifika Kenya vilivyo, watakaohitajika ni watu wa kuunganisha jina lililoandikwa vibaya na karani na familia iliyo Elburgon, Turi au Mariashoni. Huyo ni wewe na simu yako. Piga picha pande zote mbili za medali na ukingo. Andika nani alikupa, nani alimwambia, na maneno aliyotumia. Tuma nakala kwa binamu wawili ili simu ikiibiwa isipotee.

Kisha mrudishie shosho kopo lake, na umpelekee ule uzi na sindano. Bado anasubiri.